Nilinunua neno kwa laki tisa

Agosti 2024 nilipanda treni ya SGR kutoka Morogoro kwenda Dar nikiwa na laki tisa kwenye mkoba, nimeukumbatia kama mtoto. Treni ilikuwa na miezi miwili tu tangu ianze safari, nauli 13,000, na abiria wengi bado walikuwa wanajipiga picha dirishani. Mimi nilikuwa nahesabu. Zile hela zilikuwa za VICOBA, mkopo wa miezi sita, na kila mwanakikundi alijua ninakwenda kununua nini: laptop mbili za steshenari yangu. Kompyuta ya mezani iliyonilisha miaka mitano ilikuwa imekufa wiki mbili kabla, tena msimu wenyewe wa wanafunzi kuchapisha utafiti wao. Kila siku iliyopita ilikuwa hela inayokwenda kwa jirani.

Kariakoo nilizunguka maduka manne. La tano ndilo lililoniteka, na lilianza na harufu. Laptop zilipangwa kwenye rafu zinang'aa, zinanukia spiriti, kila moja ina stika ya kijani imeandikwa REFURBISHED – GRADE A. Kijana wa duka alinisoma haraka.

"Dada, hizi usizilinganishe na zile ulizoziona kule nje. Zile ni used. Hizi refurbished."

"Tofauti yake nini?"

"Used ni mtumba, imetoka kwa mtu imekuja kwako. Hii imerudi kiwandani, ikafanywa upya."

Nikatikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo analolijua. Ukweli ni kwamba sikulijua. Kiingereza nilipata C kidato cha nne, nikawa na akiba ya kutosha kutambua kwamba ile *re-* ya mwanzo ni "tena". Sehemu iliyobaki nilijijazia mwenyewe, na mtu akijijazia huwa anajaza anachokitamani. Nilikuwa natamani kitu kipya kwa bei ya mtumba.

Laki nne na nusu kila moja. Akaziwasha, zikawaka. Akafungua video, ikacheza. Zote zilikuwa zimechomekwa kwenye chaja muda wote na mimi sikusema "hebu chomoa". Nikapewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, "laptop 2, refurb", na maneno ya mdomo kwamba nikipata shida nirudi. Nyuma ya yule kijana, ukutani, palikuwa na tangazo kubwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nililiona. Nilidhani linawahusu wengine.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya raha. Ya pili umeme ukakatika saa tano asubuhi, jambo la kawaida kabisa, na mwanafunzi amesimama mbele yangu anasubiri kurasa zake. Nikamwambia usijali, hii ni laptop, ina betri. Dakika tisa. Ya pili haikufika hata hizo, ilizima palepale kama taa. Yule mwanafunzi hakusema kitu, alichukua flashi yake akaenda kwa jirani mwenye jenereta.

Halafu ikaja kibodi. Hapa nitasimama kidogo, maana ndipo nilipoaibika hadharani.

Joto la Morogoro la Oktoba si la mchezo, na vidole vya mtu anayechapa kutwa vina jasho. Siku moja kijana wangu wa kazi akaniita: "Dada, herufi inabanduka." Nikasogea. Juu ya kitufe cha Z kulikuwa na kikaratasi cheusi cha plastiki, chembamba kama ganda la kitunguu, na kona yake moja imenyanyuka. Nikaivuta kwa kucha ikatoka yote. Chini yake palikuwa na Y.

Nikaanza kuparuza vitufe vingine. Vyote vina stika. Chini ya Y kulikuwa na Z, na pembeni mwa L kulikuwa na herufi ya O yenye nukta mbili kichwani. Ilikuwa kibodi ya Kijerumani. Ujerumani Y na Z zimebadilishana nafasi. Aliyeniuzia, au aliyemuuzia yeye, aliweka mpangilio wa Kiingereza kwenye programu kisha akafunika vitufe vyote kwa stika ili macho na programu vikubaliane. Z ikishabanduka, ubao wangu ukabaki na Y mbili na Z haipo.

Kwa lugha nyingine hayo yangekuwa makosa ya tahajia, unayaona na kuyasahihisha. Kwa Kiswahili ni balaa, kwa sababu ukiweka z mahali pa y sentensi bado inasomeka, ila imegeuka wingi. Kijana wangu anachapa kwa vidole viwili akitazama vitufe, na akihitaji Y alikuwa anabonyeza iliyo karibu. Mzee mmoja akaleta mkataba wa kuuza nyumba yake ya Kihonda. Tukachapa, tukaprinti nakala tatu, akalipa, akaenda nao kwa mtendaji wa mtaa. Saa moja baadaye karudi na mnunuzi wake, mnunuzi anacheka, mzee hacheki. Mkataba ulisema amemuuzia "nyumba zangu".

"Mwanangu," aliniambia, "nina nyumba moja tu duniani, na hiyo ndiyo ninayoiuza. Hizo nyingine umenipa wewe?"

Nilichapa upya bure, nikaomba radhi mara ya tano au ya sita, na usiku ule nikawapigia wale wa Kariakoo. Simu iliita ikakatwa. Kesho yake haikupatikana.

Ndipo nikaenda kwa fundi pale Msamvu, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kupanda treni. Ningemlipa nauli, chakula na elfu thelathini ya siku nzima, nikaenda naye Kariakoo, bado ningeokoa zaidi ya laki mbili.

Fundi hakufungua hata skrubu kwanza. Aliandika *cmd* kwenye sehemu ya kutafutia, ukurasa mweusi ukatokea, akaandika *powercfg /batteryreport* akabonyeza Enter. Kompyuta ikamwambia imehifadhi ripoti mahali fulani, akaifungua, akanionyesha mistari miwili. "Design Capacity" ni uwezo wa betri siku ilipotoka kiwandani. "Full Charge Capacity" ni uwezo iliobaki nao leo ikijaa. Ya kwanza ilikuwa elfu hamsini na kidogo, ya pili elfu kumi na moja. Kazi yote haikuchukua dakika moja, haihitaji intaneti wala programu ya kununua, na inawezekana dukani huku muuzaji anakutazama. Akikukatalia, umeshapata jibu.

Kisha akageuza ya pili akaiweka mezani, ikayumba kama meza ya hotelini yenye mguu mfupi. Kile kibao cha kuchezeshea mshale kwa kidole kilikuwa kimenyanyuka upande mmoja. Mimi nilidhani ndivyo kilivyoundwa. Alipofungua mfuniko wa chini tukaona betri imevimba kama andazi.

"Dada, hii ulikuwa unalala nayo ndani?"

Nilikuwa naiacha kwenye chaja dukani usiku kucha.

Diski aliipima kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Inatoa saa ambazo diski imekuwa ikifanya kazi tangu izaliwe, na yangu ilikuwa imefikisha zaidi ya 30,000. Fundi akapiga hesabu kwenye simu: ni miaka mitatu na nusu ya kutozimwa. Huyo alikuwa mfanyakazi wa ofisi fulani ya Ulaya ambaye haendi hata kulala. Programu iliiwekea diski alama ya manjano, yaani hamisha vitu vyako mapema.

Alipotaka kuingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile unayoifikia kwa kubonyeza F2 au Esc kabla Windows haijaamka, mashine moja ikadai nywila. Nywila ya ofisi ile ya Ulaya. Ndiyo maana pale dukani walikuwa wananiwashia haraka haraka. Ukiwasha kawaida huioni kabisa. Alizunguka tatizo kwa kuweka Windows kwenye diski mpya akiwa ameichomeka kwenye ile laptop nyingine, kisha akaihamishia huku. Ilikubali. Lakini mlango ule umefungwa mpaka leo.

Hesabu yenyewe: betri moja 85,000, ile iliyovimba tuliitupa bila mbadala na laptop hiyo inaishi kwenye waya. Diski mbili za SSD 130,000. Kibodi 50,000. Ufundi 30,000. Jumla 295,000, juu ya laki tisa za mwanzo. Marejesho ya VICOBA miezi miwili nilichelewesha, nikapigwa faini, na nikakaa kikaoni natazama kanga ya mwenzangu ili nisikutane na macho ya mtu.

Kuna mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, huwa ananiletea maandishi yake ya mkono nimchapie. Alinikuta siku hiyo nimekaa na ile stika ya kijani mkononi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nani kafa?"

Nikamweleza yote, na mwisho nikasema lile neno limenidanganya. Akaichukua stika, akavaa miwani.

"Neno halijakudanganya, mwanangu. Limekwambia ukweli mtupu, ila kwa lugha ya zamani sana."

Akanifundisha palepale, wateja wakisubiri. Ondoa *re-*, unabaki na *furbish*. Waingereza walilipata kwa Wafaransa wa zama za kati, kwao lilikuwa *forbir*, na Wafaransa nao walilichukua kwenye lugha za jamii ya Kijerumani. Maana yake ilikuwa kusugua chuma mpaka king'ae. Ilikuwa kazi ya watu wa silaha: upanga umerudi vitani una kutu na damu, unapelekwa kwa msuguaji, anausugua, unarudi kwenye ala unametameta. Ufaransa mafundi hao waliitwa *fourbisseur*. Hakufua upanga mpya. Kama ulikuwa na ufa, ufa ulibaki, sasa unang'aa.

Akaniambia nikifika nyumbani nifungue Ezekieli sura ya 21, pale upanga unaponolewa na kusuguliwa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, imeandika hapo *furbished*. Nilifungua. Ni upanga wa hukumu, si kitu cha kumpendezesha mtu, na nilicheka peke yangu kitandani.

Mwalimu akishaanza hasimami. Wapo Waingereza, alisema, wanaobeba kazi hiyo kwenye jina: Frobisher ni msuguaji wa panga tu. Aliyevuma zaidi ni Martin Frobisher, baharia wa karne ya 16, aliyekwenda mara tatu kwenye visiwa vya barafu vya Kanada kati ya 1576 na 1578. Safari ya tatu alirudi na zaidi ya tani 1,000 za mawe yanayometameta, watu wa London wamemchangia mitaji wakiamini ni dhahabu. Hayakuwa na thamani yoyote. Mengine yakaishia kutengenezea barabara. "Kwa hiyo," akasema, "wewe si wa kwanza kununua mng'aro." Hadithi hiyo ilinisaidia kuliko pole zote nilizopewa mwezi ule.

Nikamuuliza mbona basi lile neno lilinifanya nifikirie kitu kipya. Akasema nililichanganya na ndugu zake. *Renovate* ndilo lenye upya tumboni, maana ndani yake mna *novus* ya Kilatini, "mpya". *Repair* ina *parare*, kuandaa, yaani kuweka kitu tayari tena. *Restore* ni kurudisha kitu kilipokuwa, na limepitia Kifaransa kutoka *restaurare* ya Kilatini. Neno lilelile ndilo lililowapa Wafaransa *restaurant*, kwa sababu Paris ya karne ya 18 hilo lilikuwa jina la supu ya kurudisha nguvu kabla halijawa jina la mahali pa kulia. Wanne hao wanakaa nyumba moja na watu wanawaita kwa jina la yeyote. Ila ukiwaita mmoja mmoja, kila mmoja anakuahidi kitu tofauti, na aliyekuja Kariakoo siku ile ni yule anayeahidi kidogo kuliko wote.

Hapo tulibishana kidogo, maana asili ya neno si mkataba. Neno linahama. Leo Apple wakiuza iPhone waliyoiita refurbished wenyewe, wanasema wameiwekea betri mpya na kasha jipya na wanaidhamini mwaka mmoja; hiyo imepita mbali na kusugua. Na mtu mwingine akiandika neno hilohilo juu ya stika aliyoichapa mwenyewe jana usiku, amesugua tu, tena kwa spiriti. Mwalimu alikubali, akasema ndiyo sababu ya kuuliza neno limetoka kinywani mwa nani.

Kilichoniuma zaidi alikitaja akiwa ameshasimama kuondoka. "Kiswahili chake unacho siku zote," alisema. "Kupiga msasa."

Bibi yangu kule Matombo alikuwa na mti wa msasa nyuma ya jiko. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, tulikuwa tunasugulia miko na vinu mpaka vinakuwa laini. Karatasi ya dukani ya kusugulia mbao imerithi jina kwa mti ule. Na mtu akikuuzia kitu akasema "nimekipiga msasa", hakuna Mswahili anayesikia "kimefanywa upya". Anasikia kilikuwa kikuukuu kikasuguliwa, na swali linalofuata linatoka lenyewe: ndani je? Vivyo hivyo muuza gari akisema "imepigwa rangi", hata kabla hajamaliza umeshauliza iligongwa wapi. Kwa lugha yangu mimi si mjinga. Siku ile nilisikia neno la Kiingereza nikaona aibu kuuliza mara ya pili, nikalipa.

Tangu hapo nikinunua kitu chochote cha namna hiyo, namwambia muuzaji aniambie kwa Kiswahili: nini kimebadilishwa, nini kimesafishwa tu, nini hakijaguswa. Namwambia aandike hayohayo kwenye risiti, na risiti iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, maana ile karatasi yangu ya mkono haikuwa na jina la duka wala namba ya mlipakodi. Ningekwenda kumshtaki nani? Vitufe naviparuza kwa ukucha. Naangalia vichwa vya skrubu kwa chini, kama vimelika ujue watu wengi wamepita humo. Naigeuza juu ya meza nione kama inayumba. Naichomoa chaja, kisha naagiza chai, natumia nusu saa nzima. Muuzaji mzuri anakuletea kiti.

Na kitu kimoja sikukijua hata fundi aliponitengenezea. Laptop zangu zote mbili ni i5-6300U. Kwa mashine za umri huu, tarakimu ya kwanza baada ya mstari inakwambia kizazi, hizi ni za kizazi cha 6. Windows 11 kwa kawaida inadai Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo nilinunua mashine zilizobakiwa na mwaka mmoja na miezi miwili ya ulinzi wa kawaida, na hakuna msasa wa kuondoa hilo. Kwa zile 1,195,000 zilizonitoka ningepata moja ya kizazi cha 8, na chenji.

Januari nilitaka kuuza ile yenye betri mpya. Nikaprinti tangazo la kubandika mlangoni, na kidole kikaenda chenyewe kwenye R. Nikafuta. Nikaandika: *Laptop iliyotumika Ulaya, kizazi cha 6, haipokei Windows 11 kwa njia ya kawaida. Mpya: betri, SSD, kibodi. Haijaguswa: kioo (mkwaruzo chini kulia), bawaba ya kushoto inalia, mipangilio ya ndani haina nywila, jaribu mwenyewe.*

Siku nne halikuletea mtu. Ya tano akaja mwanafunzi wa mwaka wa pili, akalisoma akiwa amesimama nje.

"Dada, sasa hii ni used au refurbished?"

Nikamwambia aingie. Nikamchomolea chaja, nikamwonyesha wapi pa kuandika *cmd*. Akaparuza kibodi kwa ukucha bila kuambiwa, akafungua na kufunga kioo mara kumi karibu na sikio. Kisha akaniomba nimpunguzie ishirini kwa ajili ya ile bawaba. Nikampunguzia.